Mumias: kazi zilipotea kabla fektri haijafungwa

Kila mjadala wa sukari ukianza Kenya, haichukui muda kabla mtu hajatupa ile namba ya Wakenya milioni 6 wanaoishi kwa miwa. Mawaziri wameisema, wabunge wameisema, wenye fektri wanaisema kila wakitaka sukari ya nje izuiwe, na ni nadra mtu kusimama akauliza hao milioni sita wanafikiwaje, yaani hiyo shilingi ya sukari inatoka wapi, inapita mikononi mwa nani, na inachukua muda gani kufika kwa mama anayeuza mandazi Shibale, pale Mumias. Mimi naona hapo kwa muda ndio kuna kila kitu. Na hakuna mahali panaonyesha hivyo kama Mumias, manake pale tumeona mzunguko wote, kupanda, kunenepa, kuanguka, na sasa hii kuamka kwa kusuasua.

Wengi wanahesabu kifo cha Mumias Sugar kuanzia Septemba 2019, benki ya KCB ilipoiweka chini ya meneja mrasimu, yaani mtu wa kuisimamia kwa niaba ya wanaoidai. Hiyo ni tarehe ya makaratasi tu. Mashine zilikuwa zimeacha kusaga miwa tangu 2018, na ukirudi nyuma zaidi, wakata miwa na madereva wa trekta walikuwa wameshaanza kukosa kazi miaka mingi kabla ya hapo, wakati kampuni bado ina king'ora, bado ina ofisi, na hisa zake bado zinauzwa Nairobi. Ukiangalia tu siku geti lilifungwa unakosa karibu kisa chote.

Turudi mwanzo kidogo. Mwaka 1967 serikali iliita kampuni ya Kiingereza ya Booker McConnell ichunguze kama miwa inaweza kulimwa kibiashara huko Mumias, kampuni ikaandikishwa 1971, sukari ya kwanza ikatoka 1973. Serikali ilishika asilimia 71 ya hisa, zilizobaki wakagawana shirika la maendeleo la Uingereza, CDC, Booker wenyewe na taasisi nyingine za fedha, na Booker ndio waliopewa uongozi. Lengo lilikuwa mawili na yote yalisemwa wazi: nchi iache kununua sukari nje, na huko Magharibi, ambako watu ni wengi, mashamba madogo na vijana wote wanapanda basi kwenda Nairobi, kuwe na kitu cha kuwashika nyumbani. Kwa hivyo ajira haikuwa faida ya pembeni, iliwekwa kwenye mpango tangu siku ya kwanza.

Sasa huo mpango ulikuwa wa akili, lazima tuseme. Kampuni ilikuwa na shamba lake, hekta kama 3,400 hivi kuzunguka fektri, watu wanaliita nyukliasi mpaka leo, lakini hilo lilitoa sehemu ndogo tu ya miwa. Karibu asilimia 90 ilitoka kwa wakulima wadogo wa pembeni, ambao kwenye miaka mizuri walipita elfu 60. Mkulima mwenye ekari mbili hana trekta, hana mbegu, hana pesa ya mbolea, na muhimu zaidi hana uwezo wa kungoja, manake miwa ya huko inachukua miezi 18 hadi 24 kukomaa. Mahindi unakula baada ya miezi minne, mitano. Miwa unaiangalia miaka miwili. Kampuni ikasema sawa, sisi tutakulimia, tutakuletea mbegu, tutakupa mbolea, tutaikata na kuibeba, wewe palilia tu, na siku ya malipo tunakata deni letu. Majirani wakaunganisha vipande vyao vikawa bloku moja ili trekta iwe na mahali pa kugeukia. Mwaka 1975 ikaanzishwa kampuni ya wakulima wenyewe, MOCO, ikawa katikati ya fektri na mkulima kwa mambo ya mikopo.

Ukifikiria vizuri, hiyo ilikuwa benki. Ilikopesha makumi ya elfu ya watu ambao hakuna benki ya mjini ingewaangalia hata usoni, ikakopesha bila kushika hati ya shamba, dhamana ikiwa ni miwa yenyewe iliyosimama shambani. Halafu pembeni ya benki kulikuwa na mashine ya kutengeneza sukari. Najua watu wa fektri hawapendi kuambiwa hivyo lakini kwa upande wa uchumi wa kijiji ndivyo ilivyokuwa.

Karatasi iliyofunga hii biashara yote ni ile stetimenti. Mtu yeyote aliyekulia huko anaijua. Juu jina la mkulima na namba ya ploti, tani zilizopimwa kwa mizani, bei ya tani, jumla, na hapo kwa jumla moyo unafurahi. Chini ndio mistari inaanza: kulima mara ya kwanza, kulima mara ya pili, haro, kuchora mitaro, mbegu, mbolea ya kupandia, mbolea ya kukuzia, kukata, kubeba, sesi, ada ya chama, riba. Wengine walifika chini kabisa wakakuta kampuni ndio inawadai wao! Miaka miwili shambani na unatoka na deni, halafu deni linasukumwa kwa ratuni, yaani ile miwa inayochipuka baada ya kukatwa, ndio ije ilipe. Lakini wengi walitoka na kitu, na kitu hicho kilikuja kwa mkupuo, pesa nyingi kwa siku moja, mzee anaweza kuezeka nyumba au kulipa karo ya mwaka wote au, tuseme ukweli, kupotea Mumias mjini siku nne.

Hebu tupige hesabu ya mfano, na ni mfano tu. Ekari moja itoe tani 25, bei iwe shilingi 5,000 kwa tani, hiyo ni 125,000. Makato yale yote yakule theluthi moja tu, unabaki na kama 83,000. Gawanya kwa miezi 20 uliyongoja, ni shilingi 4,000 na kitu kwa mwezi. Kwa ekari nzima, na siku hizi familia nyingi huko hata hiyo ekari nzima hazina, zimegawia vijana mpaka ikawa vipande. Kwa hivyo mtu asikudanganye kwamba miwa ilitajirisha wakulima kwa wingi wake, hapana, iliwasaidia kwa sababu ilikuwa ya uhakika. Unajua itakuja. Na kwa sababu unajua itakuja, mwenye duka anajua, mwalimu mkuu anajua, daktari wa kliniki anajua, wote wanakukopesha juu ya miwa iliyo shambani.

Hapa ndio kazi zote zinapotokea. Fektri yenyewe iliandika watu wachache ukilinganisha na kelele zake, hata ukijumlisha mafundi, makarani, wapishi wa sukari, walinzi, ni elfu chache tu. Zilizobaki zilikuwa nje ya geti. Kuna wakata miwa, wanaolipwa kwa tani, mtu na panga lake tangu alfajiri ndani ya majani yanayochana ngozi. Kuna wapakiaji, madereva wa trekta na matanboi wao, kuna wenye trekta wenyewe, wengi walimu na maaskari wastaafu waliochukua mkopo wa benki wakanunua trekta na treila mbili wakapata kontrakti ya kubeba. Kuna wauza spea, wachomeleaji, watu wa tairi. Kuna akina mama wanaopalilia kwa kibarua. Kuna hoteli, nyumba za kupanga, shule. Booker Academy ilitoka kwa hiyo kampuni na jina lenyewe linakuambia. Hawa wote wa nje ya geti hakuna anayewahesabu siku gazeti linaandika kampuni imefuta watu kadhaa, na hao ndio walikuwa wengi.

Niseme pia zile enzi nzuri hazikuwa nzuri kwa kila mtu, maana siku hizi watu wanazikumbuka kama peponi. Kontrakti iliandikwa jina la mwenye shamba, ambaye karibu kila mara ni mwanamume, kupalilia anapalilia mama na watoto, na hundi anapokea baba. Utafiti wa IFPRI, shirika la kimataifa la utafiti wa sera za chakula, uliofanywa Nyanza Kusini, kwenye ukanda wa fektri ya sukari ya Sony, na kuchapishwa 1987, ulikuta familia zilizoingia kwenye miwa zimeongeza kipato lakini afya ya watoto wadogo haikupanda sambamba na hiyo pesa. Ukitembea Mumias utaelewa kwa nini, miwa ilifika mpaka ukutani mwa jiko, mahindi na mtama vikakosa pa kukaa, na chakula kikaanza kununuliwa dukani na pesa zinazokuja mara moja kwa miaka miwili.

Basi, kampuni ikanenepa. Ilianza kwa kusaga tani zisizofika 2,000 kwa siku, baadaye ikapita 8,000, na kuna miaka ilitoa zaidi ya nusu ya sukari yote ya Kenya. Mwaka 2001 serikali ikauza hisa kwa umma kwa shilingi 6.25 moja, wako wakulima waliozinunua kwa pesa hiyo hiyo ya miwa, na baada ya kuuza nyingine 2006 serikali ikabaki na asilimia 20. Mwaka 2009 wakafungua mtambo wa kuzalisha umeme kwa kuchoma makapi ya miwa, megawati 26 zikauzwa kwa Kenya Power. Mwaka 2012 kikaja kiwanda cha ethanoli cha lita milioni 22 kwa mwaka, kutoka kwa molasi. Na maji ya chupa juu. Magazeti yakasifu, na kwa kweli kwa karatasi ilikuwa poa sana, kampuni ya sukari duniani kote inatakiwa iuze vitu vitatu vinne ili isife bei ya sukari ikishuka.

Shida moja tu. Umeme unataka makapi, ethanoli inataka molasi, na vyote viwili vinatoka kwa muwa mmoja ule ule. Mkopo wa mtambo wa umeme ulitoka Proparco ya Ufaransa, wa ethanoli Ecobank, na hizo riba zinadai kila mwezi hata kama trekta hazijaleta kitu. Yaani walijenga orofa tatu juu ya shamba la mkulima, na wakati huo huo pesa ya kumpa mkulima alime ndio ilianza kupungua.

Kila mtu ana mchawi wake kwa hiki kisa. Wengine wanasema ni wizi, na hapo wana haki, mwaka 2014 bodi ilimfukuza mkurugenzi mkuu baada ya ukaguzi wa biashara ya sukari ya nje iliyopakiwa kama ya Mumias, na kesi zikafuata. Wengine wanasema ni sukari ya magendo. Wengine ni COMESA, ule muungano wa soko la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Hili la COMESA lina uzito: kutengeneza tani moja ya sukari Kenya kumekuwa kukigharimu karibu mara mbili ya nchi nyingine za huo muungano, kwa hivyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kenya ilikuwa ikiomba kulindwa, sukari ya COMESA iwekewe kikomo, ambacho baadaye kilifika tani 350,000 kwa mwaka, na ya kutoka nje ya muungano itozwe ushuru wa asilimia 100. Ulinzi wenyewe ulikuwa wa muda, ili tujirekebishe, ukaongezwa, ukaongezwa tena, zaidi ya miaka 20, mpaka ukaisha Novemba 2025. Mnunuzi wa kilo moja Kawangware amekuwa akilipa hiyo gharama kila asubuhi kwenye chai. Mimi sipingi kulipa kidogo zaidi ili watu wa Matungu na Butere, huko jirani na Mumias, wawe na kazi, ila nataka kuona hiyo ziada inafika Matungu.

Na haikufika, kwa sababu wakati huo huo soko la miwa lenyewe lilibadilika. Fektri za watu binafsi zilikuwa zimeongezeka, West Kenya kule Kabras ilikuwepo tangu 1981, ikaja Butali, baadaye Olepito na Busia, na kila moja ikaweka mizani zake barabarani. Angalia hapo mkulima alivyokuwa amesimama. Ana miwa ambayo Mumias ndio ililima, ikapanda, ikaweka mbolea. Akiipeleka Mumias anakatwa deni halafu anangoja, na kungoja kumeanza kuwa miezi mitatu, sita, mwaka. Ng'ambo ya barabara kuna mizani ya mtu mwingine ambaye hajamlimia hata mtaro mmoja, lakini analipa haraka na hana cha kukata. Wewe ungefanyaje na mtoto yuko nyumbani kwa karo? Mumias wakaita huo ni wizi wa miwa, wakaenda mahakamani, wakaita polisi wasimamishe trekta. Kisheria walikuwa na hoja. Lakini trekta haisimami.

Hebu fuata mnyororo. Kampuni imechelewa kulipa, mkulima ameuza kwingine, kampuni imepoteza miwa na imepoteza mkopo kwa siku moja, kwa hivyo ina pesa kidogo zaidi ya kulipa wale waliobaki waaminifu, hao nao wanachelewa zaidi, wanaenda. Fektri ya tani 8,000 kwa siku ikipata tani 3,000 haisagi kwa faida, mabomba yanapoa, inawashwa na kuzimwa, na kila kuwashwa ni gharama. Ndio wakaanza kukata hata miwa michanga ya miezi 12, 13, iliyo na maji mengi na sukari kidogo, yaani wanakula mbegu ya mwaka ujao. Na muwa ukishakatwa unataka kusagwa ndani ya siku mbili hivi, ukilala shambani wiki, unakauka, uzito unashuka, sukari inaharibika, na hasara ni ya mkulima. Miwa iliyokatwa ikalala kando ya barabara mpaka ikawa kuni.

Sasa rudi kwa kazi na uangalie zilivyoondoka kwa zamu. Wa kwanza kabisa walikuwa wakata miwa, kwa sababu hao wanalipwa kwa tani, tani zikipungua leo, wamelala njaa leo. Hawana barua, hawana notisi, hawana chama cha kuwapigania kama kile cha wafanyakazi wa sukari, KUSPAWU, kilivyopigania walioandikwa. Wa pili ni wenye trekta. Huyu amebeba miwa miezi minane hajalipwa, benki inataka mkopo wake, kwa hivyo trekta inapigwa mnada, na dereva na tanboi na fundi wa tairi wameenda na hiyo trekta. Wa tatu ni dukani na shuleni, mkopo juu ya miwa ukakoma, mwenye duka akaandika ukutani leo pesa taslimu. Wa mwisho, wa mwisho kabisa, ndio wafanyakazi wa ndani ya geti, wenye payroli, na hata wao walikaa miezi kwa miezi wakiingia kazini bila mshahara kabla ya kuambiwa rasmi hakuna kazi tena. Siku habari ilitangazwa kwamba watu wa Mumias wamepoteza kazi, kijiji kilikuwa kimeshamaliza matanga.

Serikali iliweka mabilioni kuanzia 2015 kuiokoa. Pesa iliingia kwenye kampuni yenye deni kila pembe, na kila aliyeidai akavuta upande wake, mkulima akiwa nyuma ya foleni kama kawaida. Mwaka wa fedha ulioisha Juni 2018 hasara ilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 15. Biashara ya hisa ikasimamishwa 2019 hisa ikiwa senti 27, na ile ilinunuliwa 6.25. Wako wazee pale Ekero bado wana vyeti.

Hapa kuna jambo ambalo linanikera kwenye mjadala wa kitaifa. Ukiangalia takwimu za nchi, Mumias ilipokufa sukari ya Kenya haikufa. Fektri nyingine zilichukua miwa, mwaka 2022 nchi ikazalisha karibu tani 800,000, zaidi ya ile miaka Mumias iko sawa. Kwa hivyo mtu wa Nairobi atakuambia soko limejisahihisha, mbovu ameanguka, mzuri amesimama, kazi zimehama tu kutoka Mumias kwenda Kabras. Zimehama, ndiyo, na hata zile mashine za sukari guru zilizojaa kila kona ya kijiji ziliajiri vijana wengi, hilo siwezi kukataa, na zililipa siku hiyo hiyo. Lakini hao wote walikuwa wananunua miwa. Nani alikuwa anaipanda? Ile kazi ya benki, ya kumlimia mtu na kumngoja miezi 20, iliachwa yatima, kwa sababu hakuna mwenye akili atakayemkopesha mkulima mbegu huku akijua jirani atanunua mavuno. Kila fektri ikategemea kwamba mwenzake ndiye atapanda.

Jibu lilikuja 2023. Miwa iliisha. Katikati ya mwaka huo mamlaka ya kilimo, AFA, ilisimamisha usagaji nchini kwa miezi kadhaa ili miwa ikomae, uzalishaji wa mwaka mzima ukashuka mpaka tani kama 470,000, kilo moja dukani ikapita shilingi 200, na wakata miwa wa fektri zote, mpaka zile nzuri zilizosifiwa, wakakaa nyumbani. Miwa iliyoachwa ikomae ndio ikatoa rekodi ya 2024, zaidi ya tani 800,000, halafu watu wakapiga makofi kana kwamba kuna kitu kimetatuliwa.

Na Mumias yenyewe? Desemba 2021 ilikodishwa kwa miaka 20 kwa Sarrai Group ya Uganda, wenye Kinyara kule Masindi. Hapo ndipo sinema ikaanza, manake mmoja wa waliotaka huo mkataba ni West Kenya, na hizi kampuni mbili zinaongozwa na ndugu wa familia moja ya Rai. Kesi juu ya kesi. Aprili 2022 mahakama kuu ikafuta ukodishaji na kumwondoa yule mrasimu, na bado kesi zikaendelea. Agosti 2023 Rais Ruto akasimama huko Magharibi akasema mambo ni matatu, wanaosumbua Mumias wahame Kenya, waende jela au waende mbinguni, na mwezi huo huo mwenye West Kenya akatekwa mchana kweupe Nairobi, akaachiliwa, halafu kesi zake zikaondolewa mahakamani. Unaweza kuwa unataka Mumias iamke kuliko mtu yeyote na bado useme hiyo si njia ya kuendesha sekta. Mtu anayefikiria kuweka pesa kwenye miwa ya miezi 20 anaangalia pia kama mkataba unaheshimiwa.

Sarrai wamesaga, wamelima nyukliasi iliyokuwa kichaka, na Januari 2025 rais akaenda kugawa bonasi ya shilingi milioni 150 kwa wakulima, kitu ambacho watu wa huko walikuwa wameshasahau kinafananaje. Furaha ilikuwa ya kweli na sitaki kumwaga maji hapo. Lakini ukigawa hiyo kwa maelfu ya wakulima ni pesa ya mara moja, na bonasi inalipwa kwa miwa iliyopelekwa tayari. Mkulima aliyeng'oa miwa 2017 akapanda viazi vitamu, au aliyekodisha ekari yake kwa mtu mwingine, hatarudi kwa sababu ya picha ya hundi kubwa. Anauliza jirani: wewe ulipeleka lini, ulilipwa lini? Jirani akisema wiki mbili, anaenda kutafuta mbegu. Akisema miezi mitatu, anarudi kwa viazi vyake.

Sheria ya Sukari iliyotiwa saini mwishoni mwa 2024 imerudisha Bodi ya Sukari, imerudisha na ule ushuru wa sukari wa asilimia 4, umeanza kutozwa 2025, na asilimia 40 ya makusanyo imetengewa kuendeleza miwa shambani. Hiyo ndiyo sehemu ninayoisoma mara mbili mbili, kwa sababu ni mara ya kwanza baada ya muda mrefu kuna mfuko wa kufanya ile kazi ambayo Mumias iliifanya peke yake, bila kutegemea fektri moja ikopeshe huku nyingine ikivizia barabarani. Kama pesa itapita kwa benki au sako ikaandikwa jina la mkulima mwenyewe, basi hata akipeleka miwa Kabras au Butali, deni linamfuata yeye badala ya kuzama na fektri. Kama itaishia kwa semina za hoteli Kisumu tutajua mapema tu, trekta zitakuwa hazijaonekana.

Mei 2025 serikali ilikodisha na zile fektri nne zilizobaki mkononi mwake kwa miaka 30: Nzoia kwa West Kenya, Chemelil kwa Kibos, Sony kwa Busia Sugar, Muhoroni kwa West Valley. Mabishano karibu yote niliyosikia ni kuhusu nani kapewa, ni wa kabila gani, analipa kodi ya shilingi ngapi, na malimbikizo ya mishahara atalipa nani. Hayo ya mishahara ni ya haki, watu wana madai ya miaka. Lakini ningekuwa mkulima wa Bungoma ningeomba nionyeshwe ukurasa mmoja tu wa huo mkataba, ule unaosema miwa ikishapimwa kwa mizani pesa inalipwa ndani ya siku ngapi, na zikipita, riba ni asilimia ngapi na inaanza kuhesabiwa lini. Mkulima analipa riba kwa kila mfuko wa mbolea tangu siku ya kwanza, kwa hivyo haiwezi kuwa kitu kigeni kwao.

Miwani kule Kisumu ilianza 1922 na ikafa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ramisi kule Kwale ilifungwa 1988, na ikachukua kama miaka 20 kabla miwa haijarudi huko chini ya kampuni nyingine. Zote mbili zilikuwa na mashine.